Sanduku la Kusikiliza Vyura

"Kitendawili!" alisema Mama Rangi jioni moja, mikono yake imezama hadi viwiko ndani ya pipa la maji ya bluu.

"Tega," alijibu wifi yake kutoka upande wa pili wa kamba ya kuanikia.

"Mgeni wangu hali, hanywi, hana mguu wala mkono. Lakini maneno ya nyumbani kwangu yote anayo."

Wifi hakuhitaji hata kukuna kichwa. Aligeuka akakitazama kisanduku cha kijani kilichofungwa kwenye nguzo, ukingoni mwa bwawa, karibu kabisa na banda lao. "Si huyo hapo, ananing'inia kama popo? Leo umenitegea cha watoto wachanga. Unazeeka, wifi yangu."

"Sizeeki. Nakuonea huruma."

Walicheka, lakini Mama Rangi alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalibaki kwenye kile kisanduku.

Hawa wawili walikuwa wapaka rangi vitambaa. Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Rangi, na enzi za uhai wa huyo mume wanawake hawa hawakuwahi kupatana hata juu ya chumvi. Alipofariki, kila mmoja akabaki hana wa kugombana naye, basi wakaanza kufanya kazi pamoja. Walifunga vitambaa kwa uzi, wakavichovya, wakavifungua, wakavianika, na mtaa mzima ukajua kwamba maua yanayotoka kwenye banda lile hayafanani na maua ya mtu mwingine. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, limejengwa kwenye ardhi ya mtaa, pembeni mwa bwawa ambako maji ya kusuuzia yalikuwa karibu. Mama Rangi hakuwa na mahali pengine pa kufanyia kazi ila uani kwake, pembamba pasipogeuka mtu, wala hakuijua kazi nyingine. Bila banda lile angekuwa mtu wa kukaa kwa binti yake na kuulizwa kama ameshashiba.

Sanduku lililetwa na Mtafiti. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mabuti makubwa ya mvua, na Wifi alipomwona tu akampachika jina la Kijiti. Kijiti alisimama kwenye mkutano wa mtaa akaeleza kazi yake kwa adabu: kisanduku kinarekodi sauti za vyura. Kimoja kingefungwa hapa kwa wapaka rangi, na kingine ng'ambo, kwenye matete.

"Vyura wana nini cha kusema?" aliuliza mzee mmoja, na watu wakaangua kicheko.

"Wakisema, maji ni mazima, baba," alijibu Kijiti. "Chura hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi, na ngozi yake ni nyembamba mno. Chochote kilichomo majini kinaingia mwilini mwake. Kwa hiyo maji yakiharibika, wa kwanza kunyamaza ni yeye."

"Na watu je, linawasikia?" aliuliza Mama Rangi.

"Linasikia kila kitu, mama. Ila sisi tunatafuta vyura tu. Sauti za watu tunazikata, tunazitupa."

Hapo mwenyekiti wa mtaa akainuka, akavuta suruali juu ya tumbo. Yeye alilipenda bwawa kwa sababu alizaliwa karibu nalo, na alipenda zaidi kusikika. "Wananchi, vyura wakionekana wamenyamaza upande fulani, tutataka kujua nani kawanyamazisha. Na huyo mtu, awe nani, ataondoka kwenye ukingo huu. Nimemaliza."

Maneno hayo yalimchoma Mama Rangi kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Nyuma ya banda kulikuwa na shimo la kumwagia maji machafu ya rangi, lenye mawe, mchanga na mkaa chini yake. Masika yaliyopita shimo likajaa tope, likaziba. Mama Rangi akasema watachimba jipya mvua zikikatika. Mvua zikakatika, mgongo wake nao ukaanza kumuuma, na maji ya rangi, yenye kostiki, dawa ile kali ya kushikisha rangi inayobabua mikono, yakawa yanamwagwa bwawani alfajiri kabla watu hawajaamka. Kwa muda tu, walisema. Muda tu huo sasa ulikuwa umenenepa na kuota meno.

*

Kisanduku kilikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Kuna nyakati kilipepesa, na kuna nyakati kilizima. Kijiti hakueleza habari za kitaa, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mtaa mzima uliona umeshaelewa. Jicho likiwa wazi, yuko macho. Likifumba, kalala. Nani asiyejua hilo?

Basi watu wakaanza kuishi kwa kufuata taa. Mwenyekiti akipita wakati inapepesa, alisimama na kukohoa, akazungumza kwa sauti juu ya usafi wa mazingira, ingawa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Muosha magari, kijana wa pembeni mwa banda, aliacha matusi yake yote akawa anaimba nyimbo za ibada huku akisugua magurudumu. Wifi yeye alikuwa akilisalimia sanduku kila linapopepesa: "Habari za huko kwenu, waheshimiwa? Sisi huku ni wazima, tunafanya kazi kwa usafi mkubwa."

"Utakuja kutuponza na mzaha wako," alimnong'oneza Mama Rangi.

"Namlainisha."

Ndipo alfajiri, kijitaa kinapozima, Wifi alipounyosha mdomo kuelekea nguzo na kusema, "Mgeni wako kalala. Shika huku."

Wakalibeba pipa, huyu huku na yule kule, wakalimimina bwawani. Maji yaliingia kama moshi wa bluu. Wakasuuza pipa, wakakaa juu ya jiwe kupumzika, na hapo ndipo waliposema yao yote. Mama Rangi alieleza mgongo ulivyomkatika asubuhi akiinuka kitandani. Wifi alieleza kwamba kichwa cha mwenyekiti kimekaa kama sufuria iliyobonyea, na kwamba Kijiti akivuliwa yale mabuti atapeperuka. Walisemana, walicheka, walitegeana vitendawili. Mama Rangi hakuwa mtu wa kuamini haraka, lakini taa imezima, kuna nini tena?

Siku moja Kijiti akaja kubadilisha betri na kadi ya kuhifadhia sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgongo unaendeleaje?"

Mama Rangi alikuwa anakamua kitambaa. Mikono ilisimama. "Mgongo gani?"

"Si... nilidhani tu. Kazi ya kuinama hii." Kijiti akageukia sanduku lake, akahangaika na kifuniko.

Mama Rangi hakuwa amemwambia mtu habari za mgongo. Hakumwambia binti yake, maana binti angemfuata na begi amhamishie kwake. Alimwambia mtu mmoja tu. Akamtupia jicho Wifi, na Wifi alikuwa anavuma wimbo huku akihesabu pini za kuanikia, kama mtu asiye na habari ya dunia.

Tangu siku hiyo Mama Rangi akaanza kuona. Aliona Wifi akisindikizana na Kijiti mpaka njia panda, vichwa vimekaribiana. Aliona Kijiti akicheka kabla Wifi hajamaliza kusema, kama mtu anayejua mwisho wa kichekesho. Kisha Wifi akaja kazini na mabuti ya mvua miguuni, mapya, yanang'aa.

"Umeyatoa wapi?"

"Kanipa Kijiti."

"Kakupa tu?"

"Kanipa tu. Wewe unataka aniuzie?"

Kumpa tu! Mama Rangi alilala na yale mabuti kichwani. Mtu hapewi mabuti bure. Hupewa kwa alicholeta, na Wifi alikuwa na kitu kimoja tu cha kupelekea watu: habari ya pipa la alfajiri. Huenda alishakwenda kwa Kijiti akasema, mimi nashika tu upande wangu, mwenye rangi ni yule. Huenda walishakubaliana. Mama Rangi atolewe ukingoni, Wifi abaki na kamba, mapipa na wateja. Kila alipoligeuza wazo hilo lilizidi kukolea, kama kitambaa kinachorudishwa pipani mara kwa mara.

Sasa, Mama Rangi alikuwa na ujuzi mmoja ambao mafundi bomba wa mtaa waliujua. Bomba likivuja chini ya ardhi na fundi asione panapovuja, alikuja bandani kuomba rangi kidogo. Rangi ilitiwa juu, kwenye tangi, kisha watu wakazunguka wakitazama maji mekundu yatachomoza wapi. Hapo yanapochomoza ndipo pa kuchimba.

Akaamua kuyatia rangi maneno.

Alfajiri iliyofuata, taa imezima, pipa limeshamwagwa, wamekaa juu ya jiwe lao, alisema polepole, "Wifi, nina jambo. Nimechumbiwa."

Wifi aligeuka mwili mzima. "Na nani?"

"Fundi viatu wa pale kona."

"Yule asiyesema?" Wifi alishika mbavu. "Mtazungumza kwa nyundo? Akigonga mara moja, chakula kiko tayari. Akigonga mara mbili, lala!"

"Cheka tu. Lakini usimwambie mtu yeyote. Sijamwambia hata binti yangu."

"Nife hapa hapa, ukiona nimefungua mdomo."

Mama Rangi akatazama maji. Hapakuwa na uchumba wowote. Fundi viatu hakuwahi kumwambia neno zaidi ya "kisigino kimeisha."

Kijiti alipokuja tena, alimkuta Mama Rangi peke yake. Akasalimia, akabadilisha betri, akasita, akatabasamu. "Hongera, mama. Nimefurahi kweli. Fundi viatu anaonekana mpole."

Kisha akauma mdomo wake. Mama Rangi aliona, na aliyoyaona akayasoma kama alivyotaka kuyasoma: mwizi wa maneno kashikwa, na aliyemwuzia anajulikana. Maji mekundu yamechomoza.

*

"Nani kasema?" Wifi aliuliza. Alikuwa bado ameshika mti wa kukorogea rangi, unachuruzika bluu juu ya mabuti yake.

"Nilimwambia mtu mmoja. Huyo mtu amesimama mbele yangu."

"Mimi sijamwambia Kijiti neno. Wala la fundi viatu wala la jirani yake."

"Basi kaambiwa na vyura!"

Wifi akatulia. Uso wake, ambao haukuwahi kutulia tangu Mama Rangi aujue, ulitulia kama maji ya ndoo. "Hebu ngoja. Una uchumba na fundi viatu, au huna?"

Mama Rangi aliinamisha macho kwenye pipa.

"Huna. Umenitia rangi kama bomba. Umenipima."

"Na umevuja."

"Kumbe." Wifi aliuweka mzaha pembeni. "Unataka kujua habari za mabuti? Yule mtoto aliniona nimekaa pale nje, vidole vya miguu vimebabuka kwa kostiki, akaniuliza kama inauma. Siku ya pili akaleta mabuti. Aliniona mara moja tu. Wewe unaniona kila siku ya Mungu, na hukuiona miguu yangu."

Alichukua kanga yake ya kujitanda na ule mti wa kukorogea, ambao ulikuwa mali yake, akaondoka. Hakugeuka nyuma hata pale bata wa jirani walipompigia kelele.

Siku zilizofuata Mama Rangi aligundua kwamba pipa lenye maji haliinuki na mtu mmoja. Alichota kwa kopo, akamwaga kwa kopo, mgongo ukilalamika. Hakuwa na wa kumtegea kitendawili. Mara moja alijisahau akasema "Kitendawili!" na aliyeitikia alikuwa mlango wa bati uliopigwa na upepo. Akautazama mlango kwa hasira, kama nao una lake jambo.

Mtaani mambo yalikuwa yanachemka. Mwenyekiti alishasikia kwamba vyura wa upande wa mabanda hawalii kabisa, ilhali wa kwenye matete wanapiga makelele usiku kucha. Alikuja kuzunguka ukingo, mikono nyuma, pua mbele. Hakusimama kwa Mama Rangi. Nani angemshuku mama mtu mzima mwenye vitambaa safi vinavyopepea? Alisimama kwa muosha magari, akachovya kidole kwenye povu, akakinusa.

"Mkutano ni Jumapili," alisema. "Wewe anza kukunja mpira wako wa maji."

Alipoondoka, muosha magari alikuja bandani akijifuta mikono kwenye fulana. "Mama, wewe unaamka mapema kuliko sote. Umewahi kuniona nikimwaga kitu kwenye bwawa?"

Mama Rangi alishamwona akimwaga povu, na mara moja aliona utando wa mafuta ukielea, unang'aa rangi zote. Lakini aliyajua pia maji ya bluu. "Macho yangu ya asubuhi si ya kuaminika, baba," alisema.

"Ukiniambia nimwage nje barabarani, mimi namwaga. Lakini kunifukuza? Niende wapi na mpira huu?"

Swali hilo lilikuwa la Mama Rangi mwenyewe, neno kwa neno. Kijana alikuwa amemchukulia tu mdomoni.

*

Kijiti alikuja mara ya mwisho kabla ya mkutano. Mama Rangi alimkaribisha kwa baridi, akamwacha afanye kazi, huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Kijitaa kilikuwa kinapepesa.

"Hivi, huyu mgeni wenu hamumpi usingizi?" aliuliza. "Mchana kutwa yuko macho."

"Yuko macho vipi, mama?"

"Si hiyo taa yake inawaka?"

Kijiti akatabasamu. "Taa ikipepesa ndiyo anapumzika. Inatuonyesha tu kwamba betri ipo. Akianza kurekodi, taa inazima yenyewe. Ikiwaka, wadudu wataifuata, vyura watawafuata wadudu, tutadhani hapa kuna vyura kumbe tumewaita sisi. Kwa hiyo anarekodi gizani. Jioni, na alfajiri, ndiyo saa za vyura."

Mama Rangi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa na unyevu, hakuujali.

Gizani. Alfajiri. Kila walipoona jicho limefumba, sikio lilikuwa limefunguka. Mgongo wake umo humo. Kichwa cha mwenyekiti kimo. Fundi viatu asiyesema yumo na nyundo yake. Na pipa, na ile sauti ya maji yanapomiminwa, na Wifi akisema, shika huku.

Wifi, ambaye hakusema neno kwa mtu.

"Ulisema sauti za watu mnazitupa," alisema Mama Rangi.

Kijiti naye aliketi, chini kabisa, mabuti yake mbele yake kama watoto wawili. "Tunatakiwa kuzikata bila kuzisikiliza. Hilo ndilo sharti. Lakini mama, mimi nakaa peke yangu chumbani kutwa, vipokea sauti masikioni, nasubiri chura. Chura haji. Mnakuja ninyi. Mwanzo nilizikata. Kisha nikasikia kile kitendawili cha mgeni anayening'inia kama popo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Basi nikawa nawangoja. Nilisahau kabisa kwamba hamkuniambia mimi."

"Na la pipa umelisikia."

"Nimelisikia."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Siwezi. Maneno ya mtu aliyesikilizwa bila kujua hayaingii kwenye kazi yetu, na nikiyataja wataniuliza nimeyajuaje. Nitasema sababu haijajulikana." Akainamisha kichwa. "Mwenyekiti yeye anasema anaijua."

Mama Rangi alimchunguza uso. Alitafuta mtego, maana hivyo ndivyo alivyozoea siku zile. Huyu binti alikuwa anampa njia ya kutoka: wewe ninyamazie kusikiliza kwangu, mimi nitakunyamazia kumwaga kwako. Hakuisema, lakini ilikuwa imelala pale kati yao, laini, imekunjwa vizuri. Angeweza kuichukua. Banda lingebaki. Kijana wa magari angekunja mpira wake, na yeye angebaki na kopo lake, akimwaga kidogokidogo, na hakuna ambaye angeitikia "Tega."

"Na kama mtu anajua kwamba anasikilizwa," aliuliza, "akasema kwa hiari yake?"

"Hapo ni tofauti, mama."

"Haya. Usiliguse sanduku lako mpaka Jumapili."

*

Kwa Wifi alibisha hodi akiwa na beseni la maji ya uvuguvugu na kopo la mafuta ya mgando.

"Mafundi bomba leo hawapo," Wifi alisema kutoka ndani.

"Nimekuja kuangalia miguu."

"Imeshapona kwa mtu mwingine."

"Fungua mlango, wifi. Taa ikizima ndipo linaposikiliza. Tulikuwa tunalihutubia."

Komeo likavutwa. Wifi alitoa nusu ya uso. "Yote?"

"Yote."

"Na sufuria iliyobonyea?"

"Nayo."

Wifi alijaribu kununa akashindwa. Bega moja lilianza kutikisika. Lakini hakumruhusu aingie mpaka Mama Rangi aliposema, waziwazi, "Nilikushuku bure. Nisamehe." Na hata baada ya hapo alimwacha apige magoti mbele ya beseni, na mgongo wake ule ule, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unajua watatutoa," Wifi alisema alipoelezwa.

"Najua. Huna haja ya kuja. Pipa ni langu."

"Pipa lako, na upande wa pili ananyanyua nani? Chura?"

Alfajiri wakasimama mbele ya nguzo. Kijitaa kikapepesa, kikapepesa, kikazima. Mama Rangi alichagua sanduku kwa sababu alijijua. Mbele ya mwenyekiti ulimi ungejikunja, angeanza kueleza mgongo na masika. Sanduku halina uso.

"Anayesema ni Mama Rangi wa bandani. Taa imezima, najua unanisikia, na nataka unisikie. Maji ya rangi yenye kostiki nayamwaga hapa mimi, tangu shimo letu lilipoziba. Vyura wa hapa wamenyamaza kwa sababu yangu. Muosha magari yake atayasema mwenyewe, lakini haya si yake."

"Na mimi ni wifi yake," ilidakia sauti ya pili. "Nilishika upande wa pili."

"Nani kakuita?"

"Rekodi hiyo nayo, bwana mdogo. Hata hapa ananigombeza."

Jumapili, ofisi ya mtaa ilijaa mpaka madirishani. Kijiti aliwasikilizisha watu kwanza vyura wa kwenye matete, na kelele yao ilikuwa kama soko la asubuhi. Kisha akawasikilizisha upande wa mabanda: upepo, tone la maji, mbwa wa mbali. Kisha ikaja ile sauti, kavu, ya mwanamke aliyemeza mate. Mama Rangi aliitazama mikono yake ya bluu. Hakuna aliyecheka hata Wifi alipodakia.

Mwenyekiti alikohoa kwa muda. Ungedhani angependa sana mkosaji awe muosha magari, yule aliyemchagua mwenyewe. "Neno langu nililisema," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo kuliko ya siku zote. "Awe nani. Banda lifungwe. Vyura wakilia tena upande ule, njooni tuzungumze."

Muosha magari hakushukuru. Alikuwa anachungulia vidole vyake vya miguu. Lakini kesho yake watu waliona ndoo yake ya povu imehamia ng'ambo ya barabara.

Walihamisha kamba na mapipa mpaka uani kwa Mama Rangi, pembamba kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka, mwingine ilibidi atoke. Wateja wa bandani walipungua, na shimo jipya walilianza kwa jembe bovu, wakipokezana, mbali kabisa na maji. Siku ya kubeba pipa la mwisho walipita karibu na nguzo. Taa ilikuwa inapepesa.

Wifi alitua upande wake. "Kalala, sivyo? Inapowaka, amelala."

"Ndivyo alivyosema Kijiti."

"Basi hebu niambie kweli sasa, tuko wawili tu. Fundi viatu jana kakuletea kiatu mpaka mlangoni. Tangu lini anapeleka viatu majumbani?"

Mama Rangi alikitazama kile kijitaa. Kilikuwa kinawaka, kwa hiyo hakisikii. Lakini aliyeeleza habari za taa ni yuleyule aliyesema sauti za watu zinatupwa. Akamshika Wifi mkono, akamvuta mpaka nyuma ya ukuta, akachungulia huku na huku, kisha akainama sikioni kwake.

"Kitendawili," alinong'ona.